Maliasili Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara anayeuza na kukopesha bila kuandika, hadi siku anafungua kasha na kulikuta tupu, asijue fedha zimekwenda wapi wala zilianza kutoka lini. Onyo hilo linatuhusu sote, kwa sababu tunayo mali isiyolingana na ya duka lolote: ndege, vipepeo, vyura, nyoka, uyoga na miti ya nchi zetu. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege. Tanzania nayo ina zaidi ya 1,000. Swali ni hili: nani anashika daftari?

Wengi watajibu kwamba ni serikali, na jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mwaka 2021 serikali ya Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, ikahesabu tembo 36,280. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini sensa ile ilijikita zaidi kwa wanyama wakubwa wanaoonekana kwa mbali. Haiwezi kutuambia kama chozi wamepungua katika bustani za Thika, kama chura fulani bado analia kwenye vinamasi vya Kakamega, wala kama dudumizi bado anasikika Kwale mvua inapokaribia. Maswali ya aina hiyo hujibiwa na watu wa kawaida wanaotembea kwa miguu mahali palepale mwaka baada ya mwaka, wakiandika. Watu hao hawalipwi. Wengi wao ni wanachama wa vyama vya historia asilia, yaani vyama vya wanaopenda kuchunguza viumbe na kuweka kumbukumbu zao.

Ninaandika makala haya kumwomba msomaji ajiunge na chama cha namna hiyo. Simwombi kwa sababu matembezi yanaburudisha, ingawa kweli yanaburudisha. Ninamwomba kwa sababu daftari la viumbe wetu ni mali ya umma, na taifa ambalo wananchi wake hawashiriki kuliandika litaendelea kusomewa na wengine habari za ardhi yake lenyewe.

Nianze na asili ya vyama hivi, maana humo ndimo ilimo sababu ya wengi wetu kuviona kuwa vya wageni. Mwaka 1909, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli, kundi dogo la maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi lilianzisha chama cha historia asilia cha Afrika Mashariki na Uganda. Miongoni mwao alikuwa Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, ambaye jina lake amepewa kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1910 chama kilianza kuchapisha jarida, na kikafungua makumbusho madogo mahali ambapo leo limesimama jengo la Nyayo House. Vielelezo vilizidi kuongezeka, nyumba ikawa haitoshi, vikahamishwa, na mwaka 1930 jengo jipya likafunguliwa kwenye kilima tunachokiita Museum Hill, wakati huo likijulikana kama Coryndon Museum. Hayo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ya leo. Watoto wa shule hupanga foleni pale kila muhula, na ni wachache wanaoambiwa kwamba taasisi hiyo kubwa ilianzishwa na watu waliokusanya viumbe kwa mapenzi yao, nje ya kazi zao za mshahara.

Sitaki kuipamba historia hiyo. Chama kilizaliwa ndani ya ukoloni na kilikuwa na sura ya ukoloni. Wenyeji walioonyesha njia, waliopanda miti kutafuta viota, waliojua mlio upi ni wa ndege yupi, mara nyingi hawakuandikwa popote. Majina waliyopewa viumbe yalikuwa ya maofisa na jamaa zao. Mfano ulio wazi ni wa ndege mmoja mdogo wa pwani ya Kenya, wa jamii ya mnana, anayesuka kiota kama mnana wengine. Mwaka 1913 Mwingereza Stephenson Clarke alimtangaza kwa wanasayansi na kumpa jina la kitaalamu kwa heshima ya ndugu yake, Goland. Mpaka leo vitabu vya Kiingereza vinamtaja kwa jina la ukoo wa Clarke, ingawa siku hizi anaitwa pia mnana wa Kilifi, maana nje ya Kilifi hapatikani popote duniani.

Kwa miaka 100 baada ya hapo, hakuna mwanasayansi aliyejua ndege huyo anazalia wapi. Alionekana kwa makundi juu ya mirihi ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha akatoweka kwa miezi. Jibu lilipatikana mwaka 2013, na halikutoka katika chuo kikuu cha ng'ambo. Lilitoka kwa wakazi wa Dakatcha, bara kutoka mji wa Malindi, na waongozaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wakishirikiana na wanachama wa chama kilekile cha 1909, ambacho sasa kinajulikana kwa jina la Nature Kenya. Walimfuatilia mnana huyo hadi kwenye kinamasi cha msimu. Pale maji ya mvua yalipotuama, walikuta viota kwenye mimea ya jamii ya ndago.

Ugunduzi huo haukuwa wa bahati. Mnana wa Kilifi huzaa pale tu mvua inapojaza vinamasi, na hazalii mahali pamoja kila mwaka. Mtafiti anayekuja kwa majuma mawili kwa tiketi iliyokatwa miezi sita kabla atafika vinamasi vikiwa vikavu. Anayeweza kumkuta ni mtu anayeishi hapo, anayejua dimbwi lipi hujaa masika yakiwa mazuri, na aliye tayari kurudi tena na tena bila kulipwa. Hata hivyo, ujuzi wa mwenyeji peke yake usingetosha. Kama pasingekuwa na chama chenye orodha, jarida na watu waliozoea kuhakikisha rekodi, habari ya viota ingebaki kijijini, na siku kinamasi kinakaushwa kisheria kwa ajili ya shamba, hakuna ambaye angekuwa na karatasi ya kuweka mezani. Chama cha historia asilia kiliunganisha vitu viwili vilivyokuwa vimetengana tangu 1913: maarifa ya wenyeji na daftari.

Karatasi hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani. Miaka michache kabla ya viota kupatikana, palikuwa na mpango wa kampuni ya kigeni kufyeka eneo kubwa la Dakatcha ili kupanda mibono kaburi ya kutengenezea mafuta. Wakazi na wahifadhi waliupinga, Nature Kenya ikiwa miongoni mwao, na hoja zao hazikuwa kelele tupu. Walikuwa na orodha za ndege na wanyama adimu, zenye tarehe na mahali walipoonekana. Mamlaka ya mazingira ya taifa, NEMA, hatimaye haikuuidhinisha mradi huo. Lau msitu ule ungefyekwa, huenda mwaka 2013 kusingekuwa na kiota cha kukuta. Tangu wakati huo Nature Kenya imekuwa ikinunua ardhi Dakatcha kwa ajili ya hifadhi, kwa kuwa makaa na mashamba ya mananasi bado yanaukata msitu.

Upande wa pili wa mpaka tuna mfano unaofanana. Wanyakyusa wanaoishi kandokando ya Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, walikuwa na jina la kima wanayemwita kipunji. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko walisikia habari zake kwa wawindaji mwaka 2003, wakamtafuta, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu kuwa spishi mpya. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba hakuwa spishi mpya tu, bali anastahili jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani na kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Wanyakyusa hawakuhitaji kuambiwa kwamba kipunji yupo. Kilichokosekana ni mahali pa kawaida, karibu na nyumbani, ambapo mtu anayemjua mnyama wa msituni angeweza kusema, akasikilizwa na akaandikwa. Tunahitaji mahali pa namna hiyo kila wilaya.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi huogopa wakidhani ni ya wenye shahada. Nature Kenya ya leo ina ofisi na waajiriwa, lakini shughuli zake nyingi za kuhesabu na kutembea bado hubebwa na wanaojitolea. Matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi, yamekuwepo tangu miaka ya 1970, na kwa miongo mingi kiongozi wake amekuwa Fleur Ng'weno. Anayefika kwa mara ya kwanza haulizwi amesoma wapi. Anaulizwa ameona nini, wapi na saa ngapi. Darubini hupokezanwa. Wazoefu humfundisha mgeni kutazama umbo la mdomo, namna ndege anavyoruka na mahali anapopenda kutua, kabla ya kukimbilia rangi, kwa sababu rangi hudanganya jua linapokuwa nyuma ya mti. Humfundisha pia kusikiliza, maana msituni ndege wengi husikika kabla hawajaonekana, na wengine hawaonekani kabisa.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika vyama hivi ni adabu ya kuandika ukweli. Asiyemtambua ndege husema wazi kwamba hamjui, na hachekwi. Rekodi ya kubahatisha ina madhara kuliko ukurasa mtupu, kwa kuwa atakayeisoma miaka 40 baadaye hatakuwa na njia ya kujua kwamba ilibahatishwa. Kadhalika, ndege wa kawaida huandikwa kwa uangalifu uleule anaopewa ndege adimu. Kunguru, njiwa, shorewanda na mwewe wote wana mstari wao. Tai na tumbusi nao walikuwa wa kawaida zamani, wakionekana juu ya kila machinjio. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha utafiti uliolinganisha hesabu za ndege walao nyama zilizofanywa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na nyingine za kuanzia 2003. Aina nyingi kati ya zile zilizolinganishwa zilikuwa zimepungua sana. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu moja: kuna watu waliojali kuhesabu tai wakati ambapo hakuna aliyedhani tai wanaweza kwisha.

Kwa anayetaka kuanza leo, mradi wa Kenya Bird Map ulioanza mwaka 2013 ni mlango mwepesi. Nchi imegawanywa katika viraka vya mraba, kila upande ukiwa na takriban kilomita 9. Mtu huchagua kiraka, hutembea humo kwa muda usiopungua saa mbili, na huandika kila spishi aliyoiona au kuisikia kwa mpangilio wa kukutana nayo. Anaweza kuongezea orodha hiyo hadi siku ya tano, kisha huituma kwa simu. Kiraka chake kinaweza kuwa shamba la babu yake huko Busia, mtaa wa Kayole au ufuo wa Shimoni. Orodha hizo hulinganishwa na atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1989, na hapo ndipo huonekana nani amehama, nani ameongezeka na nani hasikiki tena. Tanzania pia ina atlasi yake ya ndege, iliyojengwa kwa rekodi za watu wa kujitolea tangu miaka ya 1980. Uganda ina NatureUganda, tawi la chama kilekile cha Afrika Mashariki, lililosimama kwa miguu yake tangu 1995.

Kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini. Watu hugawanywa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Nakuru, Elmenteita na Bogoria, kila kundi likipewa kipande chake cha ufuo, ili ndege wasihesabiwe mara mbili. Anayeanza hupewa kalamu na karatasi awe mwandishi wa kundi, na hiyo ni kazi muhimu kuliko inavyosikika, kwa kuwa anayehesabu heroe kwa maelfu hawezi kuondoa jicho kwenye darubini. Takwimu hizo huingia katika hesabu ya kimataifa. Zimesaidia pia kutuonyesha kwamba heroe wa Kenya na wa Tanzania ni walewale: sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia huzaliwa Ziwa Natron, kisha husambaa maziwani. Ndiyo maana mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron ulipozuka katikati ya muongo wa 2000, vyama vya pande zote mbili za mpaka, Nature Kenya na chama cha kuhifadhi wanyamapori cha Tanzania, WCST, kilichoanzishwa mwaka 1988, viliweza kusimama pamoja na kuzungumza kwa hesabu.

Na wapo wanaojitolea usiku. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 kundi la wapenda ndege hukutana kila mwisho wa mwaka, msimu wa ukungu. Ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Asia hupita juu gizani, na ukungu ukitanda huvutwa na taa. Hunaswa kwa nyavu nyembamba, huvishwa pete yenye namba, hupimwa na kuachiwa waendelee na safari. Pete hizo zimetufundisha njia wanazopita ndege hao na muda wanaotumia. Hakuna serikali iliyoamuru kazi hiyo ifanywe kwa zaidi ya miaka 50. Imefanywa na watu walioamini kwamba inafaa.

Najua mapingamizi yatakayotolewa. La kwanza ni la tumbo: mtu asiye na unga nyumbani atahesabuje ndege? Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba wanaotegemea viumbe kwa karibu zaidi ndio wanaoumia kwanza daftari lisipokuwepo. Mkulima anahitaji nyuki na vipepeo wa kuchavusha, mvuvi anahitaji mikoko, mfugaji anahitaji tumbusi wa kuondoa mizoga. Kule Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya umewawezesha wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi. Mradi huo ulisimama juu ya maarifa ya msingi kabisa ya historia asilia: kipepeo yupi hula jani la mti upi. Na huko Kinangop, ni wakulima wenyewe waliounda kundi la kulinda ndege mdogo wa nyasi mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, anayepatikana Kenya pekee na ambaye makao yake yanageuzwa mashamba. Hao si matajiri wa kutafuta burudani.

La pili ni kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Yalikuwa hivyo, na sababu nimezitaja. Lakini tazama ni nani waliokuta viota vya Dakatcha, nani huongoza wageni Arabuko-Sokoke, nani huhesabu ndege Kinangop. Chama kinachoundwa na watu kama hao kikiitwa cha kigeni, tunawanyima wenzetu sifa ya kazi yao kwa mara ya pili. Zaidi ya hayo, sisi ni watu tuliokulia ndani ya elimu hii. Bibi zetu walijua mlio wa bundi, ratiba ya mbayuwayu na miti inayochipua kabla ya vuli. Kinachobaki ni kuipa elimu hiyo tarehe, mahali na ukurasa.

La tatu ni kwamba tumeshafanya haya shuleni. Ni kweli. Wildlife Clubs of Kenya zilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, na Tanzania ikapata Malihai Clubs mwaka 1980. Maelfu kwa maelfu ya Wakenya na Watanzania walivaa fulana za klabu hizo, wakapanda miti na kutembelea mbuga. Kisha wakamaliza kidato cha nne au cha sita, na hapo safari ikakatika. Hatukuwajengea watu wazima mahali pa kuendelea. Mtu mwenye miaka 35, mwenye mshahara, simu nzuri na macho mazima, ndiye anayehitajika zaidi katika vyama hivi, na ndiye anayekosekana zaidi. Tumefundisha watoto kupenda viumbe, kisha tukawaacha wakue wakidhani kwamba mapenzi hayo ni ya kitoto.

Lawama ya pengo hilo haiko kwa wananchi peke yao. Vyama vyenyewe vina deni, na ninalisema kama mtu anayevipenda. Jarida, matangazo na vitabu vya kutambulia viumbe vingi ni vya Kiingereza. Mvuvi wa Vanga anayemjua membe na kitwitwi kuliko profesa yeyote hawezi kuchangia alichonacho kwa lugha asiyoiandika. Vyama vichapishe orodha kwa Kiswahili, vipokee rekodi kwa Kiswahili, na viandike jina analotumia mwenyeji kando ya jina la kitaalamu. Pili, vitazame saa zao. Jumatano asubuhi mwajiriwa yuko kazini na mama wa soko yuko sokoni. Matembezi ya mwisho wa juma, yanayofikika kwa matatu au daladala na si kwa gari la binafsi tu, yangeleta watu ambao hawajawahi kuonekana. Tatu, viwe na darubini za kuazimisha. Mtu asitakiwe kununua kifaa cha bei ghali kabla hajajua kama kazi hii inamfaa.

Nne, na kwangu hili ni la lazima, anayetoa maarifa aandikwe jina. Chama kilichoanza kwa kuwasahau waliobeba mizigo na walioonyesha njia kina wajibu wa kuhakikisha kwamba kila rekodi, kila makala ya jarida na kila ripoti inamtaja aliyeona, awe profesa wa chuo au mchunga mbuzi. Hakuna njia bora ya kufunga ukurasa wa 1913.

Serikali nazo zina lao. Wanaojitolea hawaombi mishahara. Wanaomba ruhusa ya kuingia misitu na hifadhi bila kutozwa ada ya mtalii wanapokwenda kuhesabu, na wanaomba takwimu zao zisomwe kabla ya kibali cha mradi kutolewa, si baada ya matinga kuingia. Kaunti zinaweza kufanya jambo dogo zaidi: kutoa chumba cha mikutano katika maktaba ya umma mara moja kwa mwezi. Mradi wa barabara au kiwanda unaokaguliwa kwa orodha za viumbe zilizoandikwa kwa miaka 20 utapangwa vizuri zaidi kuliko ule unaokaguliwa kwa ziara ya siku tatu ya mshauri aliyelipwa na mwekezaji.

Msomaji, nimalizie kwako. Ukiwa karibu na Nairobi, fika Makumbusho ya Taifa uulizie Nature Kenya, lipa ada ya mwaka na uende kwenye matembezi yanayofuata. Ukiwa Watamu, Gede, Kakamega, Kinangop au Dakatcha, ulizia kundi la wenyeji linalolinda msitu au nyika iliyo karibu nawe. Ukiwa Tanzania au Uganda, vyama nimevitaja. Na ukiwa mahali pasipo na chama, huhitaji idhini ya mtu kuanzisha kundi. Watu watano, daftari moja, kiraka kimoja cha ardhi na siku moja ya mwezi mliyokubaliana vinatosha. Andikeni tarehe, mahali, mliowaona na mliowasikia, na msiandike msilolijua. Endeleeni hivyo mwaka mzima, kisha tumeni mlichonacho kwa chama kikubwa. Sensa ijayo ya ndege wa majini ni Januari, na ziwa lina ufuo mrefu kuliko watu waliopo wa kuutembea. Jiunge kabla ya hapo.